Maradhi Yasiyouma: Khabari za Kupimwa Saratani ya Mlango wa Kizazi, Khasa kwa Wanawake wa Sengerema

Jino likimuuma mtu, hahitaji kuhimizwa ndipo aende kutibiwa. Mtoto akishikwa na homa usiku, mama humfunga mgongoni kabla ya alfajiri akashika njia ya zahanati, wala hangoji ruhusa ya mtu. Lakini yako maradhi ambayo tabia yake ni kukaa mwilini miaka 10, 15, hata 20, bila ya kuuma wala kuwasha, na mwenye nayo akawa analima, anachota maji, anazaa na kulea kama ilivyo ada. Siku yanapoanza kujionyesha huwa yamekwisha shika mizizi. Miongoni mwa maradhi ya namna hiyo ni saratani ya mlango wa kizazi, nayo ndiyo saratani inayoua wanawake wengi zaidi katika Tanzania.

Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake 10,241 wa Tanzania walipatwa na saratani hii katika mwaka ule mmoja, na wanawake 6,525 wakafa kwayo. Ukizigawa roho hizo kwa siku za mwaka utaona kuwa ni kama akina mama 18 kila siku. Katika dunia nzima walikufa wapatao 350,000 mwaka 2022, na katika kila 100 waliokufa, 94 walikuwa wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Huko Ulaya na Marekani maradhi haya yamepungua sana, wala si kwa kuwa wanawake wa huko wameumbwa kwa namna nyingine. Yamepungua kwa sababu huko mwanamke hupimwa akiwa mzima, na huku kwetu wengi hupimwa wakiwa wamekwisha kuwa wagonjwa.

Tumependa kuieleza khabari hii kwa kuitazama wilaya ya Sengerema na jirani zake, kwani aliyeifahamu hali ya huko ataifahamu hali ya wilaya nyingi za nchi yetu. Sengerema iko magharibi ya Ghuba ya Mwanza. Watu wake, Wazinza na Wasukuma na wengineo waliohamia, ni wakulima wa mihogo, mpunga, mahindi na pamba, na wavuvi wa sangara, sato na dagaa. Kutoka mwalo wa Chifunfu mpaka visiwa vya Kome na Maisome upande wa Buchosa, wako wanawake wengi ambao safari ya hospitali kwao ni safari ya mtumbwi, kisha pikipiki, kisha basi. Hospitali kubwa ya rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, mjini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971. Miaka mingi mtu wa Sengerema alipotaka kufika huko ilimpasa avuke kwa kivuko, ama cha Kamanga ama cha Busisi kwenda Kigongo, na pengine akashinda foleni nusu ya siku. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na maji yale sasa huvukwa kwa dakika chache tu. Hiyo ni neema kubwa. Lakini daraja humfaa aliyekwisha jua kwamba ana haja ya kulivuka, na mwanamke ambaye saratani yake ingali changa hana habari nayo.

Basi na tuanze kwenye asili ya maradhi yenyewe. Mlango wa kizazi ni ile sehemu nyembamba ya chini ya mfuko wa uzazi, ambayo hufunguka mtoto anapozaliwa. Saratani inayoota hapo haitokani na uchawi, wala na jicho la mke mwenza. Mwaka 1983 mtaalamu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, pamoja na wenziwe, walikipata ndani ya nyama ya saratani hiyo kirusi cha jamii ya papiloma, ambacho hospitalini hutajwa kwa herufi HPV, wakakipa namba 16. Na mwaka uliofuata wakapata kingine, namba 18. Virusi hivyo viwili peke yake husababisha kiasi cha saratani 70 katika kila 100 za mlango wa kizazi. Kwa kazi hiyo zur Hausen alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Kirusi hiki huambukizwa kwa kukutana mume na mke. Hapa twaomba msomaji asimame kidogo, kwani neno hili limevunja nyumba zisizostahili kuvunjika. Kirusi cha papiloma ni kitu cha kawaida mno. Watu wengi walio katika ndoa hukipata wakati fulani wa maisha yao, na katika watu 10 waliokipata, kama 9 miili yao hukifukuza wenyewe katika muda wa miaka miwili hivi, bila ya dawa na bila ya wao kujua. Huweza kukaa kimya miaka mingi. Mwanamke aliyeolewa bikira, ambaye hajamjua mume mwingine maishani mwake, aweza kukutwa nacho. Mume aweza kuwa alikuja nacho kutoka ndoa ya zamani, mke wake wa kwanza akawa amekwisha fariki. Hakuna kipimo duniani kinachoweza kusema kirusi hiki kiliingia mwaka gani wala kililetwa na nani. Kwa hiyo mume akiletewa khabari kwamba mkewe amekutwa na kirusi hiki, akaanza kumhoji kana kwamba ameshika ushahidi wa zina, amefanya dhulma. Na mke anayeogopa kupimwa kwa kuhofia mahojiano hayo atabaki na maradhi yake mpaka yamuue.

Wale wachache ambao miili yao haikukifukuza kirusi, ndio wenye khatari. Kwa mwanamke mwenye afya njema, toka kirusi kinapong'ang'ania mpaka saratani inapotokea hupita miaka 15 hata 20. Kwa mwanamke mwenye virusi vya ukimwi ambaye kinga yake imedhoofika, muda huo hupungua ukawa miaka 5 hata 10, na uwezekano wake wa kupatwa ni mara 6 kuliko mwenziwe. Katika muda wote huo nyama ya mlango wa kizazi hubadilika polepole, na mabadiliko hayo yakionekana mapema huondolewa kwa dakika chache. Ni maradhi machache sana yanayompa binadamu muhula mrefu kiasi hiki.

Sasa yatazamwaje? Njia ya kwanza kuenea ulimwenguni ilitoka kwa George Papanicolaou, tabibu wa Kigiriki aliyehamia Marekani mwaka 1913. Mwaka 1943, yeye pamoja na Herbert Traut walitoa kitabu kilichoeleza jinsi ya kukwangua chembe kidogo za mlango wa kizazi, kuzipaka juu ya kioo, kuzitia rangi na kuzitazama kwa darubini. Njia hiyo ndiyo iliyopunguza vifo katika nchi tajiri, wala hatuwezi kuidharau. Lakini tuipeleke Chifunfu tuone. Kioo kile hakina budi kisafirishwe mpaka penye maabara. Awepo mtaalamu aliyesomea miaka mingi kukitazama. Jibu liandikwe, lirudi baada ya majuma. Kisha atafutwe yule mama aambiwe arudi. Na huyo mama yuko wapi? Pengine dagaa wamehamia upande mwingine wa ziwa, na yeye amewafuata na watoto wake, na simu yake imeuzwa. Mnyororo huo ukikatika pete moja, kazi yote iliyotangulia imepotea bure.

Kwa ajili hiyo wataalamu wakatafuta njia ambayo jibu lake hupatikana papo hapo, mama akiwa bado kitandani. Wakaipata katika siki. Tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili matabibu walikuwa wakijua kwamba mlango wa kizazi ukipakwa maji yenye asidi ya siki, mahali palipoharibika hugeuka pakawa peupe. Mkunga au muuguzi aliyefundishwa huingiza kifaa cha kupanulia njia ya uzazi, huwasha taa, hupaka kwa pamba maji ya siki yenye nguvu ya sehemu 3 mpaka 5 katika 100, hungoja dakika moja, kisha hutazama. Pasipo weupe, mama huambiwa arudi baada ya miaka 3. Penye weupe wenye mipaka iliyo wazi karibu na tundu la kizazi, hapo pana jambo la kushughulikiwa. Weupe huo si saratani. Mara nyingi ni nyama iliyoanza kubadilika tu, na nyingine ingejirudia yenyewe.

Nguvu ya siki hiyo ni karibu sawa na ya siki tunayotilia kachumbari na achari. Twalitaja jambo hili kwa kusitasita, kwani twajua wako watakaotaka kujijaribia nyumbani. Tafadhali, wasifanye. Siki yenyewe haitibu kitu, na mwanamke hawezi kujiona mahali pale. Kilicho na thamani katika kipimo hicho ni jicho lililofundishwa.

Je, kwa kipimo hafifu hivyo maisha ya watu huokolewa kweli? Swali hilo lilijibiwa katika mitaa ya maskini ya Mumbai, India. Kuanzia mwaka 1998, madaktari wa hospitali ya Tata Memorial, wakiongozwa na Surendra Shastri, waliwaandikisha wanawake wapatao 150,000 wenye umri wa miaka 35 mpaka 64. Nusu yao walipimwa kwa siki kila baada ya miaka miwili. Na waliowapima hawakuwa madaktari wala wauguzi. Walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, waliosoma mpaka darasa la 10 na kufundishwa kazi hiyo kwa majuma 4. Mwaka 2013 matokeo yalitangazwa: katika fungu lililopimwa vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa sehemu 31 katika kila 100. Walikuwapo waliolaumu kwamba ile nusu ya pili ilipewa mafunzo ya afya tu bila ya kupimwa, na lawama yao haikuwa ya bure. Hata hivyo, tangu siku ile hakuna awezaye kusema kwamba wilaya isiyo na maabara kubwa haina la kufanya.

Lakini kuona weupe bila ya kuutibu ni kumtia mtu khofu tu. Kwa hiyo kanuni ya njia hii ni kwamba mama aonwe na atibiwe siku ile ile, kama inawezekana. Zamani ilitumika zaidi njia ya kugandisha: ncha ya chuma iliyopozwa kwa gesi huwekwa juu ya mahali palipoharibika mpaka pakaganda barafu. Ni njia njema, ila mitungi ya gesi ni mizito, ina gharama, na huisha. Mtungi mtupu katika zahanati ya kisiwani haumfai mtu. Siku hizi kimeenea chombo kidogo cha mkononi, kinachotumia umeme au betri, ambacho ncha yake hupashwa moto kufikia nyuzi 100 na kugusishwa mahali palipoharibika kwa muda usiotimia dakika moja. Shirika la Afya Duniani lilikitolea mwongozo mwaka 2019. Sehemu hiyo ya mwili haina hisia kali kama ngozi, na wengi husema waliona tumbo likiwakaza kama siku za mwezi, basi. Palipoharibika pakiwa pakubwa, au pakiwa na dalili za saratani yenyewe, ndipo mama hupelekwa mbele, na kwa mtu wa Sengerema hiyo ndiyo safari ya Bugando.

Kasoro ya siki ni hiyo hiyo sifa yake: yategemea jicho. Majicho hayalingani. Muuguzi aliyefundishwa mwaka jana akahamishwa mwaka huu huacha pengo, na aliyechoka jioni haoni kama alivyoona asubuhi. Tena kwa mwanamke aliyepita miaka 50, sehemu inayotakiwa kutazamwa mara nyingi huwa imerudi ndani, na siki haiwezi kuifikia. Hatusemi haya ili watu waiache. Siki iliyopo leo ni bora kuliko mashine itakayokuja kesho. Lakini tusiridhike nayo kana kwamba ndiyo haki yetu ya mwisho kwa kuwa sisi ni watu wa vijijini.

Njia iliyo bora zaidi sasa ni kukitafuta kirusi chenyewe. Katika jimbo la Maharashtra, India, wilaya ya Osmanabad, wanawake zaidi ya 130,000 waliingizwa katika utafiti ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2009. Waliopimwa kirusi, tena mara moja tu maishani, vifo vyao vilipungua karibu nusu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likasema kwamba penye uwezo, kipimo cha kirusi ndicho kitangulizwe: mwanamke aanze akifika miaka 30, na akikutwa hana, akae miaka 5 hata 10 kabla ya kurudi. Mwenye virusi vya ukimwi aanze akiwa na miaka 25, na arudi kila baada ya miaka 3 mpaka 5. Na mashine ya kazi hiyo si kitu kigeni kwetu. Ile GeneXpert inayotumika kupimia kifua kikuu katika hospitali nyingi za nchi yetu, yaweza kupima na kirusi hiki ikipewa vibweta vyake, na jibu likatoka kama kwa muda wa saa moja. Vibweta hivyo vina bei, na hapo ndipo viongozi wa wilaya wanapopaswa kuulizwa katika mikutano.

Faida ya pili ya kipimo hiki inahusu haya ya mwanamke, na kwa nyumba za Kiislamu pengine ndiyo iliyo kubwa. Mwanamke aweza kujichukulia chembe mwenyewe. Hupewa kijiti chenye pamba au brashi laini mfano wa kijiti cha sikio, kirefu zaidi. Huingia chumbani au chooni, hufunga mlango, hujiingizia taratibu, huzungusha, hukitoa na kukitia katika kichupa. Hakuna wa kumtazama. Huko Kisenyi, mtaa wa maskini mjini Kampala, watafiti waliwagawa wanawake 500 katika mafungu mawili. Fungu moja walitakiwa kujichukulia wenyewe, na fungu la pili waende kliniki wakatazamwe kwa siki. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2015, yalionyesha kuwa wa fungu la kwanza karibu wote walipimwa, na wa fungu la pili hawakufikia nusu. Ni wanawake wa mtaa mmoja na hali moja. Kilichowatenga ni kile kitanda na ule mlango wa kliniki.

Kwa wale ambao kijiti hicho hakijawafikia, swali la haya bado lipo, nasi hatupendi kulipuuza kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wanaodhani kuwa haya ni ujinga. Haya ni katika imani. Lakini dini yetu imetuamrisha kutafuta dawa, na wanazuoni wameliweka jambo hili wazi: mwanamke na atazamwe na mwanamke, akikosekana, na ikawapo haja ya kweli, daktari mwanamume aweza kumtazama kwa kiasi cha haja hiyo, awepo mtu pamoja naye. Bahati njema ni kwamba kazi hii ya kupima kwa siki, katika vituo vyetu, mara nyingi hufanywa na wakunga na wauguzi wanawake. Mama aweza kuuliza mapema ni siku gani yupo muuguzi mwanamke, na kwenda na dada yake au jirani. Hospitali teule ya wilaya ya Sengerema ni ya Jimbo Katoliki la Geita, na Bugando nayo ina uhusiano na Maaskofu Wakatoliki. Waislamu wa Kanda ya Ziwa wametibiwa humo siku zote, na hatuoni sababu ya mtu kusita kwa ajili ya msalaba ulio juu ya mlango.

Sasa twageuka kwa waume. Mara nyingi mazungumzo ya nyumbani huwa hivi. Mke husema, "Baba Salumu, wamesema Jumanne kuna kupimwa kizazi pale kituoni, naomba nauli." Naye hujibu, "Unaumwa nini, Mama Salumu?" Mke hunyamaza, kwani kweli haumwi. Mume naye haoni kama amekataa, ameuliza tu. Na hivyo ndivyo Jumanne inavyopita, na nyingine, na miaka. Twamwambia Baba Salumu kwamba swali lake ni la haki kwa maradhi mengine yote, ila si kwa haya. Anayeumwa amekwisha chelewa. Anayefaa kupimwa ni huyo huyo asiyeumwa, aliyetimiza miaka 30, anayesimama mbele yake akiomba nauli. Na mwenye wake wawili, ampe kila mmoja nauli yake.

Liko na jambo jingine linalomlazimu mume alijue. Mwanamke aliyetibiwa kwa kugandishwa au kwa moto hutokwa na majimaji siku kadhaa, na humpasa akae kiasi cha majuma 4 bila ya kukutana na mumewe, ili kidonda kipone. Mume ambaye hakuelezwa hudhani ananyimwa haki yake. Wako wanawake waliokataa kutibiwa siku ile kwa khofu ya ugomvi huo, wakasema watarudi, wasirudi. Kwa hiyo afadhali waume waambiwe kabla, na ikiwezekana waambiwe na wanaume wenzao, barazani au baada ya sala ya Ijumaa, kwa maneno ya adabu.

Dalili zinazopasa kumpeleka mwanamke hospitali mara moja, bila ya kungoja siku ya kupimwa, ni hizi: damu baada ya kukutana na mume, damu katikati ya mwezi, damu kwa aliyekwisha koma hedhi, na uchafu wenye harufu mbaya usiokwisha. Huku kwetu lazima tuongeze neno juu ya kichocho. Wale wa ufukweni husumbuliwa zaidi na kichocho cha matumbo, na wale wa ndani, penye madimbwi na majaruba ya mpunga, ndio wenye kichocho cha mkojo. Mayai ya kichocho hiki cha pili huweza kujificha katika mlango wa kizazi, yakaleta vidonda na damu, hata mwanamke akadhaniwa ana ugonjwa wa zinaa, au saratani. Basi mama aliyekulia penye majaruba na amwambie muuguzi hivyo, kwani muuguzi aliyetoka mji wa mbali huenda asiulize.

Na mabinti zetu? Kwao iko chanjo, na katika khabari hii Mwanza ina fahari yake. Kuanzia mwaka 2017, wasichana 930 wa umri wa miaka 9 mpaka 14 jijini Mwanza, kwa ridhaa ya wazazi wao, waliingia katika utafiti wa kujua kama sindano moja ya chanjo ya kirusi hiki yatosha mahali pa mbili au tatu. Baada ya miaka miwili, karibu wote waliochomwa mara moja walikutwa na kinga katika damu. Utafiti mwingine, wa Kenya, kwa wanawake vijana 2,275, ulionyesha kwamba sindano moja iliwalinda dhidi ya namba 16 na 18 kwa kiasi kikubwa mno. Kwa hoja za namna hiyo Shirika la Afya Duniani lilikubali sindano moja mwaka 2022. Tanzania ilikuwa imeanza chanjo hii nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, sindano mbili. Mwaka 2024 ikageuza, ikawa sindano moja kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14. Uvumi kwamba chanjo inaua kizazi hauna msingi wowote. Ila chanjo haiondoi kirusi kilichokwisha ingia, kwa hiyo mama haiwezi kumfaa mahali pa kipimo, na binti mwenyewe akifika miaka 30 naye atapimwa.

Limebaki jambo moja dogo, nalo ni siku ya kwenda. Mwanamke asiende akiwa katika hedhi, kwani damu huzuia kuona. Na kwa wanawake wa mialo, ambao kazi yao ni kuanika dagaa, iko siku iliyo nyepesi kuliko nyingine. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mwezi ukiwa mpevu hawaifuati taa, mitumbwi hutulia na vichanja hubaki vitupu. Hizo ni siku za tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wetu wa Kiislamu, zile siku nyeupe. Jamaa wa misikiti ya mialoni wakimwendea mganga mkuu wa wilaya wakamwomba awalete wauguzi wanawake siku kama hizo, watawakuta akina mama nyumbani, wana nafasi. Aliye na ada ya kufunga sunna siku hizo aijue na hukumu yake: kwa madhehebu ya Imam Shafii, kuingizwa kifaa kile hufunguza. Basi ama asifunge siku hiyo, ama ampe muuguzi ahadi ya tarehe 16; mwezi utakuwa ungali mkubwa, na dagaa hawajarudi.